Nimekatwa tumbo kupunguza uzito, niko nyumbani Bweyogerere: kiu, wageni na senga

Nalongo_Bweyo

Wanajukwaa, hamjambo. Humu mimi ni msomaji wa kimya wa miaka mingi. Leo nafungua uzi kwa sababu mwezi uliopita niliutafuta wa namna hii kwa Kiswahili nikaukosa. Niliyoyapata ni ya Wamarekani wanaoishi peke yao na paka, nyumba kimya, friji limejaa vikopo vya protini. Mimi naishi Bweyogerere, nje kidogo ya Kampala, na mume, watoto wanne, na senga yangu, yaani shangazi, aliyekuja kuniuguza akiwa na mkungu wa matooke, ndizi za kupika, na majogoo wawili waliofungwa miguu. Nadhani mnaona tatizo linakoelekea.

Kwa ufupi: nina miaka 41, urefu sentimita 164, na siku ya kupasuliwa nilikuwa kilo 138. Sukari mwaka wa saba, presha mwaka wa tisa, magoti hayasemeki. Nilifanyiwa ile wanayoiita slivu. Tulienda India, ndege ya Entebbe kwenda Mumbai. Walinitoboa matundu matano madogo, wakaondoa kama asilimia 80 ya tumbo la chakula. Lililobaki lina umbo la ndizi moja ya bogoya, tena si bogoya kubwa. Tulikaa huko hadi daktari aliporidhika kwamba naweza kusafiri, maana baada ya upasuaji damu huganda miguuni kirahisi na kukaa kwenye ndege saa nyingi kunazidisha hatari. Ndani ya ndege nilivaa soksi za kubana, na kila baada ya muda nilisimama kutembea kwenye ujia huku wahudumu wakinitazama kama ninayetafuta mtu.

Leo ni siku ya 17 na ndiyo ya tatu nikiwa nyumbani. Maumivu si ya kutisha. Siku za kwanza kilichouma ni bega, wala si tumbo. Ni ile hewa wanayokujazia tumboni wapate nafasi ya kufanya kazi, inabaki chini ya kiwambo cha kupumulia na maumivu yanasikika begani. Kutembea ndiko kulikoiondoa. Nalala nimeegemea mito mitatu, na nikitaka kukohoa nakumbatia mto mwingine tumboni. Mto huohuo nilikuja nao kwenye gari kutoka Entebbe. Mashimo ya barabara yetu mnayajua.

Sasa kinachonitesa ni kunywa maji. Njaa sina kabisa. Walinieleza kuwa sehemu waliyoikata ndiyo iliyokuwa ikitengeneza kwa wingi homoni ya njaa. Lakini natakiwa nimalize angalau lita moja na nusu kwa siku na tumbo halipokei funda. Funda moja tu la kawaida na kifua kinabana kama nimemeza jiwe. Kwa hiyo nanywa kwa kile kikombe cha plastiki kinachokuja na dawa ya kikohozi, mililita 30, na hicho chenyewe nakigawa mara tatu nne. Lita moja na nusu ni vikombe 50. Mapacha wangu wana miaka 8, wamenitengenezea hesabu: bakuli mbili na punje 50 za maharage. Kila nikimaliza kikombe punje moja inahama. Jana Kato alihamisha punje sita kwa mpigo eti anisaidie.

Waliopitia haya wakiwa Kampala au popote Afrika Mashariki, nipeni mbinu. Na kama mna dawa ya wageni, nipeni pia. Kiswahili changu ni cha kambi ya polisi Naguru nilikozaliwa, wapwani mnisamehe ngeli.

Mzee_wa_Arua

Nalongo, karibu upande huu na pole. Mimi nilifanya baipasi, ile ya kuruka sehemu ya tumbo na utumbo, Nairobi mwaka 2019. Mbinu ya maji: usiyanywe baridi sana, jaribu ya uvuguvugu. Mimi yalipita vizuri zaidi yakiwa na tangawizi kidogo iliyochujwa. Mrija usitumie, unakujaza hewa. Soda usahau, hata ya kuchovya ulimi. Ukianza kula, usinywe pamoja na chakula. Maliza kula, subiri nusu saa, ndipo urudi kwenye vikombe vyako.

Hesabu ya maharage nimeipenda. Mimi nilikuwa naweka kengele kwenye simu, ikawa inalia hadi msikitini.

Mkulima_Hoima

Samahani kama nitaudhi. Hivi kweli mtu anakatwa tumbo zima kwa sababu ya unene? Acha posho (ugali), lima, tembea. Jaja zetu, mababu, walikuwa na hospitali gani ya kukata matumbo?

Nalongo_Bweyo

Mkulima, hujaudhi, nimeshazoea. Nimelima. Nimetembea Bweyogerere hadi Kireka kila asubuhi miezi minne, nikapungua kilo 9, zikarudi 13. Jaja yangu mzaa baba alikufa na mguu mmoja kwa ajili ya sukari, wala hakujua kama ni sukari. Tuendelee.

Nesi_Mstaafu_Jinja

Mwanangu hongera kwa kufika salama. Nimefanya kazi wodi ya upasuaji miaka mingi, niache niseme ya muhimu kabla uzi haujajaa utani.

Upo katika wiki ambazo mtu hutakiwi kuvumilia dalili. Moyo ukienda mbio zaidi ya mapigo 120 kwa dakika umekaa tu, homa ikifika 38, maumivu ya tumbo yakizidi badala ya kupungua, au bega la kushoto likaanza upya kuuma pamoja na kuhema, nenda hospitali yenye daktari mpasuaji usiku huohuo. Inaweza kuwa mshono wa ndani unavuja. Mara nyingi moyo kwenda mbio ndio unaotangulia, homa inakuja nyuma. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, au pumzi ikakatika ghafla, hilo ni bonge la damu, na lenyewe halisubiri asubuhi.

La pili, dawa za maumivu. Panadol peke yake. Diklofenaki, ibuprofeni na asprini zinachubua tumbo, na tumbo lako sasa ni mshono kutoka juu hadi chini. Andika kwenye karatasi uiweke pamoja na kitambulisho, maana hapa kwetu mtu akisema "naumwa" sindano ya diklofenaki inafika kabla ya daktari.

La tatu: dawa zako za sukari na presha bado unameza kipimo kilekile cha zamani?

Nalongo_Bweyo

Mama, za sukari daktari alizipunguza kabla hatujatoka India, napima asubuhi na jioni. Za presha naendelea kama zamani, hakuna aliyenigusia. Kwa nini?

Nesi_Mstaafu_Jinja

Kwa sababu unakunywa kidogo, hauli, na mwili unapungua haraka. Presha inashuka yenyewe, halafu kidonge kinaisukuma chini zaidi. Na kama katika vidonge hivyo kimo cha kukojosha, ndiyo kabisa. Kesho mapema mpigie daktari wako, usiache kwa kichwa chako mwenyewe.

Binti_Bombo

Nafuatilia uzi huu kwa makini, dada yangu yuko kwenye maandalizi. Wamempa mlo wa maji maji wiki mbili kabla ya upasuaji ili ini lipungue, analia kila siku.

Nalongo_Bweyo

Wakuu, nimepotea siku tano. Ngoja niwasimulie, na mnicheke taratibu.

Siku ya 19 walikuja kina mama wa kanisani, saba. Kwetu mgonjwa hatembelewi mikono mitupu. Walikuja na maziwa, sukari, mkate, na mmoja alikuja na luwombo ya kuku, imefungwa kwenye jani la ndizi, bado inatoa mvuke. Senga alifungua jani mbele yangu. Harufu ile ya binyebwa, mchuzi wa karanga, na jani lililobabuka ilinifikia nikakumbuka Krismasi zote za maisha yangu. Tumbo halikuwa na njaa hata chembe, kichwa ndicho kilichokuwa na njaa.

Na hapa wasomaji wa nje ya Uganda niwaeleze kitu. Miaka ya 80 ugonjwa wa UKIMWI ulipoanza kuua watu kule Rakai, watu waliuita silimu, kwa sababu mtu alikuwa anakonda hadi anaisha. Neno lipo hadi leo. Mwanamke aliyekuwa kilo 138 akirudi kutoka safari asiyoieleza, shingo imeanza kuonekana, halafu anakataa luwombo, mnajua wageni wanarudi nyumbani wakisema nini. Sikuwa nimewaambia ukweli. Tulisema "upasuaji mdogo wa nyongo".

Basi nikala. Nilikuwa nimeruhusiwa vya kusagwa, vijiko viwili vya mezani kwa dakika 20 au 30. Mimi nilichukua tonge la matooke na kipande cha kuku kama kidole gumba, nikatafuna haraka kwa aibu ya kutazamwa na macho saba. Tonge la pili lilisimama. Sijui niseme vipi: halikushuka, halikupanda. Mate yakaanza kujaa mdomoni, mazito, povu jeupe, nateremsha kwenye kitambaa na yanajaa tena. Nikakimbilia chooni. Nilitapika hadi usiku, na kesho yake hata kikombe cha mililita 30 kilikuwa kinarudi. Mkojo ukawa rangi ya chai kavu. Nikisimama, ukuta unasogea.

Salongo, yaani baba mapacha, mume wangu, akanipeleka kliniki ya jirani, jina silitaji. Presha 88 kwa 54. Sukari 3.9. Kijana wa zamu, mpole kabisa, akaja na sindano. Nikamuuliza ni nini. Diklofenaki. Nesi wa Jinja, Mungu akubariki, nilitoa karatasi yako kwenye pochi. Alisoma mara mbili, akasema hajawahi kusikia upasuaji wa namna hiyo, akairudisha sindano. Wakanipa dripu mbili na siku ya pili nikaanza kunywa. Daktari wa India tulimpata kwa simu, akafuta kidonge kimoja cha presha na kingine akakikata nusu.

Nesi_Mstaafu_Jinja

Uliniogopesha ulipokaa kimya. Mara nyingi wanaorudishwa hospitali katika mwezi wa kwanza wanarudi kwa kukaukiwa na maji, kama wewe. Swali moja: kwenye dripu walikuwekea vitamini B1?

Nalongo_Bweyo

Hapana. Maji ya chumvi, kisha glukosi.

Nesi_Mstaafu_Jinja

Umetapika siku mbili tu kwa hiyo tushukuru, lakini wengine msome hapa. Mwili hauna akiba kubwa ya B1, ni wiki mbili tatu imekwisha. Mtu aliyekatwa tumbo akiwa anatapika siku nyingi, ukimwekea glukosi bila kutanguliza B1 unaweza kumharibu ubongo: anaona vitu viwili viwili, anayumba, anasahau. B1 ni dawa rahisi na inapatikana. Iombeni kwa jina, thiamini. Wewe Nalongo muulize daktari wako leo kuhusu kuongeza.

Baba_Ntinda

Mke wangu anaingia mwezi ujao. Mimi kama mume nijiandae na nini? Naomba vitu vya kweli, si "mpende na umvumilie".

Nalongo_Bweyo

Baba Ntinda, hapa ni Salongo, nimechukua simu yake, yeye anatembea uani.

Jifunze sindano. Tulipewa za kuzuia damu kuganda, moja kila siku, nachoma mimi saa tatu usiku. Unafinya ngozi ya tumbo mbali na vidonda, unachoma wima, unasukuma polepole, husugui. Ya kwanza mikono ilinitetemeka kuliko siku ya harusi. Sindano zilizotumika tunaziweka kwenye chupa nene ya plastiki, tukazirudisha kliniki, usizitupe kwenye takataka za watoto kuchezea.

Nunua kabla: kikombe cha dawa, chujio laini, blenda, kipimo cha presha. Umeme ukikatika ndipo utakapojua kwamba ulitakiwa kusaga vya siku mbili, kwa hiyo na kinu cha mkono kiwepo. Vidonge vikubwa muulize mfamasia kipi kinasagika, kwa sababu vile vya kuyeyuka polepole havisagwi. Asibebe kitu kizito hata kama anasema yuko sawa. Sisi tuliambiwa asizidishe kilo 5 kwa wiki sita, na jerikeni ya lita 20 ni kilo 20. Boda asipande.

Na wewe ndiye mlinzi wa mlango. Mimi sikuwa, na luwombo ikaingia.

Mzee_wa_Arua

Salongo umenena. Niongeze la sukari. Kwa sisi wa baipasi hasa, chai ya maziwa yenye sukari na mandazi ni bomu. Dakika 15 hazifiki: jasho, moyo mbio, tumbo linakata, unakimbilia choo. Nilidhani nimelogwa. Na mwezi wa nne baada ya upasuaji nywele zitatoka kwenye kitana, msikimbilie mafuta, mara nyingi huacha zenyewe na kuota tena kama protini na vitamini unameza. Waragi, ile pombe kali, pia si ile uliyoijua. Glasi moja inakupanda kama nne. Mimi niliacha baada ya kuimba kwenye mazishi.

Binti_Bombo

Protini mnaitoa wapi jamani? Dada ameambiwa gramu 60 kwa siku.

Nalongo_Bweyo

Nimerudi kwenye simu yangu. Binti, 60 ni mlima. Yai moja ni kama gramu 6, glasi ya maziwa ni kama 8. Unga wa protini wa dukani niliununua, ni ghali na una ladha ya chaki. Kilichoniokoa ni mukene. Senga huikaanga kavu bila mafuta, anaiponda kwenye kinu hadi inakuwa vumbi, anachekecha, halafu anatia kijiko kwenye supu ya samaki iliyochujwa. Watanzania ni dagaa wenu. Halafu bongo, maziwa ya mgando, isiyo na sukari, maharage yaliyosagwa na kuchujwa maganda, yai la kuchemsha laini lililopondwa. Bushera, kinywaji cha nafaka, naipenda lakini inanijaza bure, protini yake ni ndogo. Kila mlo naanza na protini, matooke baadaye nafasi ikibaki, na haibaki.

Senga alipoelewa kwamba mukene ni dawa, hali ilibadilika. Zamani alikuwa ananihurumia, sasa ananipa zamu kama mkuu wa kambi. Wageni nao tumewaambia ukweli. Salongo alisimama baada ya maombi ya Jumapili akasema mke wangu amefanyiwa upasuaji wa kutibu sukari na unene, haruhusiwi kula cha mtu, mkitaka kuleta leteni mukene. Wawili walinong'ona. Mmoja alinifuata pembeni kuniuliza namba ya daktari.

Binti_Bombo

Na swaumu? Dada anafikiri Ramadhani itamkuta mwezi wa pili baada ya upasuaji.

Nesi_Mstaafu_Jinja

Mwezi wa pili asijaribu. Atakosaje maji mchana kutwa na bado alipe lita moja na nusu usiku kwa vikombe vya mililita 30? Mgonjwa ana ruhusa ya kulipa siku baadaye, shehe wake atamweleza, na daktari atamwambia lini tumbo liko tayari. Mwambie na la uzazi: uwezo wa kushika mimba huwa unarudi haraka mno uzito ukishuka, na mimba inatakiwa isubiri miezi 12 hadi 18. Nimeona mapacha wa mshangao.

Nalongo_Bweyo

Mapacha tena? Banange, mama, usinitamkie hivyo.

Nalongo_Bweyo

Mrejesho wa wiki ya sita, nilikuwa nimeahidi.

Kilo 122. Kabla ya hapo mizani iligoma siku tisa, kuanzia wiki ya tatu, 128 juu ya 128, na mimi ninakula vijiko vitano kwa mlo. Nililia kweli. Daktari alisema ni kawaida, kilo za mwanzo nyingi zilikuwa maji na akiba ya sukari ya mwili, baadaye mwili unasimama kujipanga. Mkinunua mizani ifungieni kabatini, pima mara moja kwa wiki.

Dawa za sukari nimesimamishwa zote kwa sasa, asubuhi napima 5.6 au 5.8. Presha kidonge nusu. Vitamini nameza kila siku na zitakuwa za maisha. Kalsiamu na madini ya chuma naviachanisha kwa muda wa saa mbili, kimoja kinamzuia mwenzake. Jumatatu natolewa damu kuangalia B12 na wingi wa damu. Vidonda vimebaki alama kama za kuumwa na mbu. Natembea hadi stejini na kurudi. Pale stejini yule kijana wa rolex, chapati ya mayai, ananiita mteja, napunga mkono, napita upande wa pili wa barabara.

Maji sasa nakunywa kwa kikombe cha chai, nusu saa kikombe kimoja. Punje za maharage Senga alizipika.

Amerudi Masaka jana. Mkungu uliliwa na watoto, jogoo wa kwanza alikwisha kwenye supu. Wa pili yupo hai bado, anawika saa kumi alfajiri chini ya dirisha letu. Watoto wamempa jina Mumbai, kwa hiyo haliwi tena.